Kasha Safi la Shemasi Fabien

Fabien alikuwa mtu wa kinyaa, na mji mzima wa Baraka ulijua. Alifuta kikombe cha watu kabla ya kunywa, hata kama chai yenyewe ni ya mchungaji. Akipeana mkono na mvuvi, alisubiri mvuvi ageuke, kisha akaunusa mkono wake. Kwa kazi alikuwa fundi wa redio, kanisani alikuwa shemasi, lakini mtaani aliitwa Safi-Safi, na jina hilo lilimpendeza kuliko vyeo vyote viwili.

Uchafu uliomchefua kupita wote haukuwa wa matope wala wa samaki. Ulikuwa wa vitu vya kuporwa. Miaka ile kila kundi la wenye bunduki lililopita liliacha nyumba wazi, na katika kila nyumba iliyoachwa wazi jirani aliingia kumalizia. Kufikia mwaka 2003 ungeweza kutembea kutoka sokoni hadi ziwani ukauona mlango wa zahanati ukifunga choo cha mtu, na mama mzima, mwimba kwaya, akienda ibadani amejifunga pazia la shule. Fabien alitema mate kando ya njia. "Nyani haoni kundule," alisema, tena kwa sauti, ili mwenye pazia asikie.

Ndiyo maana kamati ya makanisa ilimchagua yeye. Bunduki zilikuwa zimeanza kuchoka, na familia za milimani, wale waliokimbia mji Agosti ya mwaka 98 wakiwa na watoto mgongoni tu, walituma neno kwamba watashuka Jumamosi. Walitaka kusema waliacha nini. Alihitajika mtu wa kuandika orodha: kitu gani, cha nani, na sasa kiko kwa nani. Mtu huyo ilimpasa awe na mikono misafi, maana orodha ile ingetaja majina ya watu wa Baraka mmoja mmoja. Fabien alisimama mbele ya kamati akasema karatasi hupotea na kalamu hudanganya. Ataunda kompyuta nyumbani kwake, na orodha itachapwa humo.

Vifaa vya ndani alivinunua Bujumbura, kimoja kimoja, kila kimoja na bili yake yenye muhuri. Kasha alilinunua pia, jipya, jeusi, linang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Halikufika. Kwenye kizuizi cha njiani askari mmoja alilifungua, akalikuta tupu, akachukia, akaligeuza kiti. Askari alipoinuka saa za jioni, Fabien alirudishiwa bati lililobonyea katikati, na joto la makalio ya askari bado limo. Alilitupa palepale.

Sasa kompyuta bila kasha ni matumbo tu. Ilitandazwa sebuleni juu ya meza, nyaya huku, diski kule, kuku akipita juu ya kadi kubwa na kuacha alichoacha. Mkewe Marthe alisema inafanana na mbuzi wa Krismasi kabla hajaoshwa. Meza yenyewe ilikuwa nzuri, ya mbao nyekundu, Fabien alikuwa ameiweka ndani tangu ule mwaka 98. Ilikuwa na kasoro moja: upande wa kulia palikuwa na madoa manne yasiyotoka, matatu meusi na moja la bluu. Aliyasugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa petroli. Mwisho Marthe akayafunika kwa kitambaa. Yeye mwenyewe Marthe hakula kwenye meza ile hata siku moja; alikula na binti yao Merveille kwenye mkeka karibu na mlango. Fabien aliona ni mazoea tu ya mwanamke wa kijijini Lubondja.

Kasha basi. Lipatikane kabla ya Jumamosi, liwe la bei nafuu kwa sababu fedha zilikwisha Bujumbura, na liwe na sura. Sura ilimhusu sana Fabien. Wageni wa milimani wangeingia sebuleni mwake na kitu cha kwanza kukiona kingekuwa mashine ile. Mashine yenye uso wa aibu nani angeiamini na majina ya watu?

Alianza kwa Norbert seremala, Jumatatu. Norbert alipewa vipimo, akafanya kazi siku moja, akamletea kasha la mbao lililopigwa msasa hadi laini. Fabien alilizunguka mara mbili, nywele zikimsimama. Juu lilikuwa pana kama mabega, chini likapungua kuelekea miguuni, na lilikuwa na kifuniko cha misumari.

"Norbert, hii ni sanduku ya maiti."

"Apana, Shemasi. Ni mukono tu. Miaka tano niko natengeneza ile moja tu, mukono ilishazoea."

"Toa! Toa kwa nyumba yangu!"

"Nitaweka tu urembo kidogo juu..."

"Norbert, toa."

Jumatano aliambiwa Mama Félicité, mkaushaji samaki kule ufukoni, analo kasha la chuma, tena analitoa kwa bei ya chini. Alikwenda. Kasha lilikuwapo kweli, limekaa juu ya mawe matatu, moto chini yake. Kule ambako zamani ilizunguka feni, sasa ulitoka moshi. Félicité alifungua ubavu wake kwa kijiti na samaki wakaonekana wamepangwa safu kwa safu.

"Iko na matundu muzuri, Shemasi. Moshi inapita bila shida. Nitakuoshea na sabuni."

Fabien aliinama kuchungulia. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye kuta unene wa kidole, na kwenye kona ambayo moto haukufika funza walikuwa wakijipinda bila haraka. Ubavuni, chini ya masizi, palisomeka nusu ya jina la ofisi fulani.

"Hii ya nani?"

"Ya bureau. Batu bote balibeba, na mi nikabeba."

"Haukusikia haya? Haukusikia hata kichefuchefu?"

Félicité aliangua kicheko hadi akakalia kisiki. "Safi-Safi! Na samaki unakulaka kila siku ya Mungu, unawaza inakaukia wapi?"

Fabien alikwenda nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa akatapika chai ya asubuhi. Kutwa nzima hakula. Alipita njiani akijifuta mdomo na kumwambia kila aliyemsalimu kwamba mji huu umeoza, kwamba mtu wa kawaida hawezi tena kutafuna kitu bila kutafuna mali ya mwenzake. Watu walimwitikia kwa heshima na kuendelea na mambo yao.

Alhamisi mchana Willy, dereva wa pikipiki, aliingia kutoka Kilembwe, na nyuma yake, limefungwa kwa mpira, palikuwa na kasha. Fabien alilitambua kuwa zuri kabla pikipiki haijasimama. Rangi ya majivu, chuma kizito kisichobonyea ukikigonga, na mbele kijimlango kilichopinda kidogo kilichoficha vitufe vyote. Ukikifunga kilisema ta! kama kisanduku cha mkufu. Macho hayana pazia. Alikifunga na kukifungua mara saba.

Hata hivyo hakusahau utaratibu wake. Kila muuzaji aliapishwa na Fabien juu ya Agano Jipya alilotembea nalo mkobani, na maswali yalikuwa mawili, siku zote mawili: ulipora wewe? Na aliyekuuzia alitoa wapi?

"Weka mukono hapa, Willy. Ulipora?"

"Mi? Apana, Papa Shemasi. Kuku ilikuwa inatagia mule, kwa muntu ya Kilembwe. Nikamupa jante ya mupira ya pikipiki, akanipa."

Fabien alikitazama tena kijimlango. Ta! Kisha akafunga Agano Jipya, akalirudisha mkobani. Swali la pili siku hiyo halikuulizwa, na wala tusijidanganye kwamba alilisahau.

Kulisafisha kulimchukua Ijumaa nzima, pale uani juu ya turubai. Alitoa manyoya, mavi ya kuku yaliyokauka kama saruji, yai bovu lililopasukia mkononi mwake na kumfanya alie machozi kwa harufu, na mende wa ukubwa wa tende waliomkimbilia mikononi. Alipiga kelele hadi Merveille akatoka kumwangalia. Lakini kufikia saa kumi kasha lilikuwa safi, vifaa vimo, kila skrubu mahali pake. Alilibeba kifuani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akaingia nalo ndani.

Marthe alikuwa ameondoa kitambaa cha meza ili akifue kwa ajili ya wageni. Meza ilikuwa wazi. Fabien aliliweka kasha upande wa kulia, karibu na dirisha, akalisogeza kidogo, akarudi nyuma kulitazama, na furaha ikamjaa. Madoa hayakuonekana tena.

"Mama Merveille, kuja uone! Mungu ni mwema. Imefunika madoa yote ine!"

Marthe alikuja na mikono ya sabuni. Alitazama kasha, kisha meza.

"Yote ine? Sawasawa?"

"Sawasawa, kama vile walipima."

"Inua."

Fabien aliliinamisha kwa upande, na kwa mara ya kwanza akaona chini yake. Kasha lilikuwa na miguu mitatu ya mpira mweusi. Wa nne ulikuwa kipande cha kandambili, cha mviringo, kimekatwa kwa kisu na kugundishwa. Cha bluu. Juu ya meza, doa jeusi lilikuwa chini ya mguu mweusi, na jeusi, na jeusi, na la bluu lilikuwa chini ya bluu.

"Njo sandale ya Mpano," Marthe alisema. "Mamake aliniambiaka. Mguu ya hii mashine ilivunjika, Mwalimu Gakunzi akakata sandale ya mutoto wake."

Mwalimu Gakunzi aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Mashine yake ya kompyuta ilikaa mezani karibu na dirisha, imefunikwa vitambaa vya kufuma kwa sababu ya vumbi, na Fabien hakuwahi kuiona uso. Watu wa Gakunzi walipokimbia, mashine ilibebwa siku hiyohiyo. Mabati yalibebwa siku ya pili. Siku ya tatu Fabien alikwenda akaikuta meza peke yake, nyumba haina paa, mawingu yanakuja.

"Mi sikupora," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja. Niliiweka tu, mpaka mwenyewe arudi."

"Miaka tano tunakulia juu yake."

"We haukulaka." Na hapo ndipo alipolisikia alilolisema. "Mama Merveille, kwa nini haukulaka kwa hii meza?"

"Ilikuwa inanichefua," Marthe alisema, akarudi kwenye beseni lake.

 Fabien alinyanyua mkono wake wa kulia, polepole, akaunusa. Ulinuka sabuni, na chini ya sabuni yai bovu, na kinyaa kilichompanda safari hii hakikuwa na mvuvi wa kumwangukia. Kesho Gakunzi angeshuka. Angeingia mlango huu, angepewa kiti, angeketi mbele ya meza yake kutaja mali yake, na Safi-Safi angeandika.

Kitambaa kilikuwa kwenye kamba, kingekauka kabla ya asubuhi. Alifikiria kuifunika meza kwa kitambaa kile, na hilo nalo lilimchefua.

Akatoka akavuta kamba ya jenereta. Skrini ikawaka. Aliketi, akaandika: Moja. Meza ya mbao nyekundu, ya Mwalimu Gakunzi. Mbili. Kasha la mashine, la huyohuyo. Alipofika kwenye *iko kwa nani* vidole vilisimama, na kelele za kufua kule uani zilisimama pia.

"Andika, Papa Merveille," Marthe alisema kutoka nje.

Akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, herufi kwa herufi, kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya ubatizo wa Merveille, ambayo Gakunzi aliwachapia bure juu ya meza hii.