Mkwaju wa Windows Kwenye Kompyuta ya Studio

Chuoni mhadhiri alituambia tusiandike wenyewe ule mkwaju, yaani alama ya mstari ulioinama, unaotenganisha jina la folda na jina la faili. Tuiachie lugha ya programu iyaunganishe majina hayo. Niliuliza kwa nini, kama kawaida yangu. Akasema kompyuta hazikubaliani: Windows huulaza mkwaju nyuma, Linux huulaza mbele. Kompyuta yangu ilikuwa ya Windows, kwa hiyo sikuona hayo yananihusu vipi.

Mwaka jana nilimwandikia mama mmoja mwenye studio ya picha hapa Machakos mjini programu ya kuzipanga picha kwenye folda. Alikuwa amewapiga picha wanafunzi wa shule moja ya Muthetheni, na mwalimu wao angekuja saa sita kuzichukua, kila darasa kwenye folda yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya shule. Ikiharibika, mwaka ujao wangeita studio nyingine. Na folda hazikuwa pambo. Huku Ukambani watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na wavulana watano wa jina lile lile.

Nyumbani programu ilienda vizuri. Saa tano na nusu nikaiendesha kwenye kompyuta ya studio, ambayo ni ya Linux. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka Linux hiyo, nikimhubiria mama kwamba ni bora. Sikuona folda hata moja. Picha zote zilirundikana mahali pamoja.

“Kijana, madarasa yako wapi?”

“Yako njiani, mama.”

“Yanatoka Muthetheni kwa miguu?”

Nikasoma majina ya faili: Darasa la Nne, mkwaju wa nyuma, jina la mtoto na namba yake darasani. Linux ilikuwa imeuchukua mkwaju wangu kama herufi ya kawaida na kuuacha ndani ya jina. Afadhali, maana hakuna picha iliyofuta nyingine. Nikaandika upya ule mstari, safari hii nikiiachia lugha iunganishe, nikaendesha tena. Folda zikatokea moja baada ya nyingine.

Mwalimu alipofika alifungua Darasa la Nne, akawatafuta wavulana wake watatu wa jina moja, akawapata wote.

“Mwakani mje pia kwa watoto wa chekechea,” akamwambia mama.

“Tutakuja, mwalimu. Huyu kijana atabeba taa za kupigia picha.”