Pilau ya Ijumaa Isiyo na Nyama

Ijumaa ile nilipofunua sufuria, mvuke ulinipiga usoni na harufu ikawa ile ile ya kwetu: bizari nzima, mdalasini, kitunguu kilichokaangwa hadi kikakaribia kuungua. Mchele ulikuwa umeiva punje mojamoja na rangi yake haikuwa na kasoro. Nikachukua mwiko nikachimba pembeni, kisha katikati, kisha chini kabisa. Nikatoa kipande kilichofanana na nyama. Nilipokibonyeza kwa kidole, kilirudi kama sponji.

"Hii ni nini?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Soya." Alikuwa anakata nyanya za kachumbari na hakugeuka.

"Na nyama?"

"Leo hakuna nyama. Kula tu, dada, hutaona tofauti."

Tofauti niliiona kwa tonge la kwanza. Nilikula nusu sahani huku namtazama, naye alikula kichwa ameinamisha, haraka haraka, kama mtu anayetaka sahani iondoke mezani kabla maswali hayajaanza.

Sisi ni watoto wa Voi. Mama alikuwa akitoka kanisani Jumapili, anavua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja jikoni. Pilau yake ilikuwa ya ng'ombe, tena ya mifupa. Nyama ilichemshwa kwanza na thomu na tangawizi, na supu yake ndiyo iliyopikia mchele. Huku Doha tuliihamishia Ijumaa, siku ambayo kliniki ya meno ninapofanya kazi ya mapokezi, pale Al Sadd, huwa imefungwa. Mdogo wangu ni muuguzi. Alipopata kazi hospitali alihamia kwangu Al Rayyan, na tangu wiki ile ya kwanza alininyang'anya mwiko, kwa sababu yeye ndiye aliyerithi mkono wa mama. Pilau yangu mimi hushikana kama ugali.

Kwa hiyo pilau bila nyama, kutoka kwake yeye, haikuwa jambo dogo. Nilijiambia labda alichoka, labda alipita dukani nyama imekwisha. Wiki iliyofuata nikaamua kununua nyama mwenyewe. Nilichagua vipande vya mbavu, nikaviweka friza mbele kabisa, mahali ambapo hata kipofu angeviona.

Ijumaa ilipofika tulikula pilau ya uyoga.

Nilipofungua friza baadaye, mfuko wangu wa nyama ulikuwa umesukumwa nyuma, umefunikwa kwa mkate na pakiti za njegere. Haukuwa umesahauliwa. Ulikuwa umefichwa.

"Nyama niliyonunua ina shida gani?" nilimuuliza.

"Nyama ya huku haina ladha, dada. Imekaa kwenye barafu miezi."

"Mwezi uliopita ulikuwa unatafuna mifupa yake."

Akacheka kidogo, kicheko cha kuzuia mazungumzo, akaingia bafuni. Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza. Alikuwa anakaa bafuni muda mrefu sana akitoka kazini, maji yakimwagika tu. Alikuwa anafungua madirisha mchana wa jua kali, kiyoyozi kikihangaika bure, akidai nyumba ina harufu. Harufu ya nini? Hakusema. Alikuwa ameniambia amehamishwa wodi, nami sikumuuliza ni wodi gani. Sasa nilipouliza, alijibu "ya upasuaji" kisha akabadilisha mazungumzo.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa mimba. Nilijua wanawake ambao mimba iliwakatisha nyama, mayai na hata waume zao. Na kwa msichana ambaye hajaolewa, katika nchi ya watu, hilo lingekuwa balaa juu ya balaa. Nikaanza kumwangalia kiuno akipita. Kikawa kinapungua badala ya kuongezeka. Nikaacha hilo, nikashika la dini. Kulikuwa na muuguzi mwenzake, Mhindi wa Kerala asiyekula nyama, ambaye alimpa mfuko wa ile soya. Nikajiuliza ni nini kingine anachompa. Nikapekua rafu yake ya vitabu nikakuta Biblia yake ipo mahali pake, imejaa vumbi lile lile la siku zote, na hilo nalo halikunituliza.

Kisha nikamsikia kwenye simu. Alikuwa amejifungia chumbani, na mimi nilikuwa napita na nguo za kuanika. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayeongea na mpendwa wake.

"Kitunguu nikiweke chote mara moja au kidogo kidogo?" alisema. Kimya. "Mpaka kiwe cheusi?" Kimya tena. Kisha akasema, "Hapana, yeye hajui. Usimwambie."

Nilisimama pale na nguo zangu mbichi mkononi, maji yakinitiririka miguuni. Sasa nilikuwa na uhakika ni mwanamume. Mwanamume asiyekula nyama, anayefundisha mapishi kwenye simu, na ambaye mimi, dada mtu, sikutakiwa kumjua.

Nilifanya ambacho mtoto wa kwanza hufanya. Nilimpigia mama.

"Binti yako amebadilika," nilimwambia. "Amekataa nyama. Anapika pilau ya uyoga."

Nilitegemea kelele. Mama yangu ni mtu aliyewahi kumfuata fundi cherehani hadi nyumbani kwake kwa sababu ya pindo la sketi. Lakini alisema tu, "Si ale anachotaka? Ni mtu mzima."

"Mama, pilau yako."

"Pilau ni ya anayepika. Wewe mwache mwenzio. Umekula?"

Akaniuliza habari za kazi na joto, akakata simu. Nikabaki nimeitazama ile simu. Mama hajawahi kumwacha mtu yeyote ale anachotaka. Kulikuwa na jambo, na wawili hawa walikuwa wamelizunguka, wakaniacha nje.

Ijumaa iliyofuata mdogo wangu alitoka zamu ya usiku akalala. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilitoa ule mfuko friza, nikayeyusha nyama, nikaipaka chumvi, nikaweka sufuria ya mafuta motoni. Nilitaka kuona akiamka atafanya nini. Kama ni ukaidi tu, atakula. Kama ni mimba, atatapika na mambo yatakuwa hadharani. Nikatumbukiza vipande. Mafuta yalilia na harufu ikajaa sebule.

Mlango wa chumba ulifunguka. Alisimama pale na gauni la kulalia, shavu likiwa na alama ya mto. Hakunitazama mimi. Aliitazama sufuria. Midomo yake ilibadilika rangi, akaweka mkono ukutani, kisha akapita kwa kasi, akafungua mlango wa nje na kutoka bila viatu.

Nilizima moto nikamfuata. Nilimkuta kwenye ngazi, ghorofa moja chini, amekaa na kukumbatia magoti.

"Una mimba?" nilimuuliza. Ndilo neno lililonitoka.

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mimba? Dada, mimba ya nani?"

"Basi niambie ni nini, kwa maana mimi nimechoka kukisia."

Nilikaa kando yake.

"Walinihamishia wodi ya walioungua," alisema. "Kuna mgonjwa. Siwezi kukwambia ni nani. Ni mwanamke, alilipukiwa na gesi jikoni. Wodi nzima hakuna mwingine anayejua Kiswahili. Kwa hiyo kila anapobadilishwa bandeji naitwa mimi, hata kama nina wagonjwa wengine. Anapewa dawa ya maumivu lakini haifiki kila mahali. Siku ya kwanza aliniambia, niongeleshe, sista. Nikamuuliza nikuongeleshe nini. Akasema, niambie kwenu Jumapili mlikuwa mnakula nini."

"Ukamwambia pilau."

"Nikamwambia pilau ya mama. Nikaanza kwenye kuosha mchele, nikaenda kwenye vitunguu, nikafika pale nyama inapoingia kwenye mafuta. Na wakati huo huo mikono yangu inatoa bandeji. Tangu siku hiyo hataki hadithi nyingine. Ni hiyo hiyo, tangu mwanzo hadi mwisho, na nikiruka kitu ananirudisha. Mimi nikija nyumbani, ikiingia nyama kwenye mafuta, niko kule tena. Nikinawa, niko kule. Nikifungua dirisha, niko kule."

Jirani mmoja alipanda na mifuko ya sokoni, akatusalimu, akatupita akigeuka geuka.

"Na simu?" nilisema. "Yule wa vitunguu?"

"Mama. Nilitaka kujua rangi itatoka wapi kama hakuna supu ya nyama. Nilijaribu kumdanganya kwamba ni mambo ya afya. Akaniuliza, nani amekufa? Ikabidi nimwambie."

"Na mimi je?"

"Wewe kila asubuhi nikivaa sare ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa. Nisingeweza kutoka mlangoni."

Nilimwambia akae pale pale, nikapanda juu, nikafungua madirisha yote, nikaibeba ile sufuria kama ilivyo hadi kwa madereva wa Kiganda wa ghorofa ya chini. Waliipokea wakiangaliana. Mmoja akauliza kuna nini hata wanapewa nyama nusu mbichi. Nikamwambia waimalizie kuipika, ni safi. Sidhani aliniamini.

Mchana huo nilipika mimi. Yeye alikaa kwenye kiti akinielekeza, miguu ameikunja. Tulichemsha dengu za kahawia na thomu na tangawizi, tukachuja maji yake kuwa supu. Vitunguu vilikaangwa kidogo kidogo, kwa mafungu, vingine hadi vikawa vyeusi, na vile vyeusi ndivyo vilivyotoa rangi. Uyoga ulikaangwa peke yake hadi ukakauka maji. Nilionja supu ile nikiwa na mashaka, nikaongeza chumvi, nikaonja tena. Ilikuwa na uzito. Sikujua uzito huo ulitoka wapi na mpaka leo sijui.

Mchele wangu ulishikana. Alikula sahani mbili.

Alimwomba msimamizi wake amgawie mwenzake baadhi ya zamu zile, na msimamizi akakubali nusu yake. Bandeji aliendelea nazo, hadithi pia, ila alianza kuisimulia ile nyingine, ya dengu na vitunguu vyeusi. Aliniambia kwamba yule mgonjwa alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akafumbua jicho moja na kuuliza, "Sista, nyama umeiweka wapi?"

"Hakuna nyama, mama."

"Basi hiyo si pilau. Hiyo mmepika mchele tu."

Mgonjwa yule alipona kiasi cha kusafiri, akarudishwa kwao. Mdogo wangu alimsindikiza hadi kwenye gari la hospitali, akarudi nyumbani akanisimulia yote akicheka na kujifuta macho. Nyama bado hali. Mimi hula yangu Al Sadd, saa ya chakula cha mchana, kwenye mgahawa wa Wayemeni, na nikifika nyumbani huoga kabla sijamkaribia.