Wadudu Kwenye Feni

Mwalimu wa chekechea aliniita kando pale getini, akaniambia mjukuu wangu wa kike anazubaa darasani. Ati anakuwa katikati ya kuhesabu, ghafla ananyamaza macho wazi, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Akaniuliza, kwa upole tu, kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua kifafa. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mjukuu wangu hana kifafa, ana kompyuta mbovu.

Wala sikuwa natania. Kompyuta yenyewe ni ile kubwa ya mezani ambayo mama yake aliiacha alipokwenda Nairobi kutafuta kazi, na imezeeka kuliko mtoto. Kila jioni anaangalia katuni ya bata, na kila jioni picha inakwama. Bata anabaki mguu juu, sauti inakatika, na mtoto naye anabaki vilevile, mdomo wazi, akimngoja bata. Picha ikirudi, naye anarudi. Sasa mtoto wa miaka mitano akizoea hivyo kila siku, si ataibeba tabia hiyo hadi shuleni? Ndivyo nilivyojiambia, tena kwa nguvu, kwa sababu lile neno la mwalimu nalijua.

Nalijua kwa mdogo wangu wa kike, aliyenifuata kuzaliwa. Mara ya kwanza alianguka jikoni, watu wakakimbia, wakasema asiguswe, povu lake litatuambukiza sote. Shuleni wakamrudisha nyumbani. Siku moja alikwenda ziwani kuosha vyombo, mahali ambapo maji hayafiki hata magotini, na tulimtoa hapohapo, hana pumzi. Nusu ya sufuria zilikuwa zimeshaoshwa. Na nyumba yangu iko Dunga, kando ya ziwa hilohilo, na huyu mjukuu wangu anapenda maji kuliko chakula.

Kwa hivyo nilitaka iwe ni kompyuta. Haki ya Mungu, nilitaka iwe mbovu kabisa.

Nilikuwa karani wa kupiga chapa hadi nilipostaafu, mashine hainitishi. Mtoto alipokuwa shuleni niliketi mbele ya kompyuta kama mtu anayehoji mwizi. Nilicheza katuni nyingine, ikakwama. Nikaicheza kutoka kwa flashi, ikakwama. Nikafunga kila kitu nikaacha katuni peke yake, ikakwama. Nikaitukana kwa Dholuo, maana Kiswahili changu hakina matusi ya kutosha, nayo ikakwama tu. Lakini nilipoweka nyimbo zisizo na picha, ziliimba tangu chai mpaka nikala chakula cha mchana, hazikusita hata mara moja. Basi ni picha ndiyo inayoichosha. Na si mwanzoni, ni baada ya kucheza kidogo, inaanza kusitasita, halafu ndiyo inaganda. Nikaweka mkono ubavuni mwa kasha lake. Lilikuwa moto kama sufuria iliyotoka kusongewa ugali.

Nikachomoa waya, nikangoja ipoe, nikaleta bisibisi. Feni sikuiona. Niliona wadudu.

Ukikaa huku unawajua hao wadudu wadogo wa ziwani. Wanapanda kutoka majini kama moshi, wakiona taa wanajaa nyumba nzima, mpaka kwenye chai. Jioni wakija, sisi huzima taa zote za ndani tukaacha ya nje iwavute. Nami kila nilipozima taa, nilimwachia mtoto katuni yake ili asilie gizani. Nyumba yote giza, mwanga pekee ni wa ile kompyuta, na feni inavuta hewa, inawavuta nao. Walikuwa wamekaukia mle ndani, tabaka juu ya tabaka, kijivu, wakinuka samaki kidogo. Feni ilikuwa imezibwa kabisa. Mashine ingepumua vipi?

Nilicheka peke yangu pale sakafuni, kisha nikalia kidogo. Nilijiona nikienda kwa yule mwalimu kesho yake na wadudu wangu kwenye mfuko wa karatasi, nimwonyeshe kifafa chenyewe. Niliwatoa kwa brashi ya rangi, nikapuliza pembeni kwa pampu ya baiskeli hadi feni ikazunguka kwa kidole bila kukwaruza. Nikaweka wavu wa chandarua kuukuu dirishani. Nikafunga skrubu zote, na moja ikabaki, sijui ilikuwa ya wapi.

Jioni nikampa mtoto katuni yake. Sikuwa naangalia bata hata kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mkono wangu juu ya kasha, na kasha lilikuwa vuguvugu tu. Picha ilikwenda. Ikaendelea kwenda, ikapita pale inapokwamaga. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya getini. Mtoto alikuwa anaimba na bata, akiwahesabu wanavyoruka majini, mmoja, wawili, watatu, wanne.

Akanyamaza.

Shindwa kabisa, nikasema moyoni, imekwama tena. Nikainua macho kuitazama.

Bata walikuwa wanaruka. Watano, sita, saba, sauti safi, picha safi, feni inanong'ona chini ya mkono wangu. Nikageuka. Mtoto alikuwa amekaa wima, mdomo nusu wazi, kope zinatetemeka kidogo sana. Nilimwita jina lake. Nikapitisha mkono mbele ya macho yake, hayakuufuata. Sikumwona yeye tena, niliona sufuria pale ufukweni, nusu zimeoshwa.

Kisha akapepesa macho, akaimba, "Watano." Bata walikuwa wameshamaliza, wanakausha mabawa.

Akakunja uso, akaitazama kompyuta, halafu akanitazama mimi. Huniita Dani, kama watoto wa huku wanavyowaita nyanya zao.

"Dani," akasema, "mbona imeruka?"

Kumbe kwake yeye ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mashine ndiyo inayoruka.

"Ni mashine tu, mama," nikamwambia. "Ni kuukuu."

Akaridhika, akarudi kwa bata wake. Nikainuka, nikaufunga kwa komeo mlango wa upande wa ziwa, kisha nikawasha taa zote za nyumba, wadudu waje wakitaka, nikaanza kutafuta kadi yake ya kliniki.