Fundi wa Kihonda Alipungua Tukimtazama

Fundi wangu wa Kihonda amefariki. Jumanne asubuhi alianguka gerejini kwake, spana mkononi, wakamkimbiza hospitali, na huko ikaonekana sukari imepanda kupita kiasi, ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakujua anao. Alhamisi alfajiri akakata roho. Tulimzika alasiri ya siku hiyohiyo, na tulipotoka makaburini sikuweza kuendesha gari. Nilikaa nimeshika usukani mpaka mdogo wangu akaja akaniambia nisogee, aendeshe yeye. Wasomaji wangu mmenizoea kwa ukali. Kila wiki kuna mtu ninayemnyooshea kidole, leo mwenye mfereji ulioziba, kesho diwani aliyelala. Safari hii sina wa kumnyooshea ila mimi mwenyewe, na nawaomba mnivumilie nianze mbali kidogo, maana hamtauelewa uchungu wangu bila kujua mtu huyu na mimi tulikutanishwa na nini.

Gari langu ni la zamani, lakini halikuwa na tamaa ya mafuta. Mdogo wangu ndiye aliyelitumia zaidi, akishusha ndizi na viungo kutoka Mkuyuni hadi sokoni mjini. Kisha, ghafla, likaanza kunywa. Tangi lililotosha safari nne likawa halifiki hata ya tatu. Nikauliza huku na huko, na mjini kwetu kila mtu ni fundi: huyu alisema plagi, yule alisema pampu, jirani yangu akaapa kwamba petroli ya siku hizi inachanganywa. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la hewa, nikajaza matairi upepo. Hali ikawa ileile. Ndipo nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia natamani ardhi ipasuke. Nilimwita mdogo wangu, na mbele ya mama yetu nikamuuliza anamuuzia nani mafuta yangu. Hakubisha hata kidogo. Aliweka funguo mezani, akasema, "Kaka, mimi kwako sijawahi kunywa hata maji bila kuomba." Akarudi Mkuyuni, na kwa miezi miwili hakukanyaga kwangu. Mama alikuwa ananipakulia chakula bila kunisemesha.

Na gari, ajabu, likaendelea kunywa vilevile bila yeye. Nililipeleka Kihonda kwa fundi huyu, ambaye hapo nyuma aliwahi kunizibia rejeta iliyokuwa ikivuja. Mafundi wengi huanza kwa kufungua boneti. Yeye alianza kwa kuvuta kigoda na kuuliza maswali, taratibu, kama mganga mkuu wa wodi. Nani analiendesha? Linabeba nini? Linapita njia gani? "Gari haliamki tu siku moja likawa na njaa," aliniambia. "Kikibadilika kitu ghafla, kuna sababu. Ukiona, uliza. Usiogope jibu." Nilimweleza yote, hata la mdogo wangu, nikitegemea ataniunga mkono. Aliniangalia tu, akaomba funguo, akasema twende hukohuko Mkuyuni.

 Njia nzima macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto, na mshale ule, pamoja na milima yote ya Uluguru tuliyoipanda, ulijikongoja kidogo tu kutoka chini ukakataa kwenda mbele. Tulipofika sokoni Mkuyuni alisimama, akafungua boneti, akashika mpira wa rejeta kwa kiganja kizima bila kuungua.  Kisha akaniuliza shida hii ilianza kabla au baada ya yeye kuiziba ile rejeta. Nikafikiri, nikasema baada, tena palepale. Akafuta mikono kwenye suruali yake. "Basi mwizi wako nimempata," alisema. "Ni mimi."

Alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya injini kuna kidude kiitwacho thamostati, ambacho huyazuia maji ya rejeta yasipite mpaka injini ipate joto lake. Yeye alikitoa akakitupa siku ile alipoziba, bila kuniambia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na fundi wake, ambaye naye alifundishwa hivyo: hii ni nchi ya joto, kidude hicho ni cha watu wa nchi za baridi, kwetu kinachemsha injini tu. Amekitoa katika kila gari lililopita mikononi mwake tangu ujana. Bila hicho maji baridi huzunguka muda wote, injini hudhani kila saa ni alfajiri, na injini yenye baridi hudai mafuta mengi. Hakuna aliyeiba. Mafuta yalikuwa yanaungua bure.

Nilifarijika, tena haraka mno. Nilitaka tugeuze, turudi mjini, tukiweke kidude kipya, na habari iishie hapo. Fundi akauliza nyumbani kwa mdogo wangu ni wapi. Tulimkuta uani anapanga mikungu. Akatoa shikamoo kwa mgeni, akatutandikia mkeka, mimi hakunitazama. Fundi alimwambia waziwazi kwamba kosa ni lake, kwamba mkono wake ndio uliomharibia jina mbele ya mama yake, na kwamba amekuja kuomba radhi. Nami nikawa naitikia kwa kichwa, kwa heshima, nikidhani radhi yake itanitosha na mimi. Akanigeukia. "Mimi langu nimemaliza," alisema. "Mwenzangu naye ana lake." Nililisema langu, kwa shida, nikitazama mkeka. Mdogo wangu akatuuliza kama tumekula.

Tangu siku hiyo nikawa napita gerejini kwake kila Jumamosi. Niliona jambo ambalo kwa umri wangu wote kazini sijaliona mara nyingi. Alianza kuwapigia simu wateja wake wa zamani, mmoja mmoja, awaombe walete magari ayarudishie alichokitoa. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwambia anajiharibia biashara kwa mdomo wake. Fikiria, msomaji: mtu mzima mwenye mvi, aliyefuata alichofundishwa kwa nia njema, anakubali mbele ya watu kwamba alichofundishwa kilikuwa kosa. Katika ofisi zetu, shuleni, hata misikitini na makanisani, ni vidude vingapi tulivyovitoa kwa sababu tu waliotutangulia walivitoa, na hakuna anayethubutu kusema ni mimi? Nilikuwa nikikaa pale juu ya tairi na kujiona nina bahati kuwa na rafiki wa aina hiyo.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Mwaka huu, mvua zilipoanza, rafiki yangu alianza kupungua. Mkanda wake uliongezwa tundu, kisha tundu jingine. Dumu la maji la lita tano halikukosekana pembeni yake, na lilikuwa linaisha kabla ya adhuhuri. Alikula wali sahani mbili, baada ya saa mbili akaagiza mihogo. Alikuwa akiacha kazi katikati kwenda chooni, mara kwa mara, na akirudi anakaa kwanza apumzike. Haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili. Jumamosi moja, gereji imejaa watu, nikamwambia, "Fundi, siku hizi unakula kama gari langu lile." Watu wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote, mpaka akashika mbavu. Jibu la ugonjwa wake nilikuwa nimelitoa kwa kinywa changu, na nikaligeuza mzaha.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza tangu Alhamisi. Sisi tunamwambia mtu aliyenenepa kwamba amependeza, lakini aliyekonda hatumwambii kitu. Tangu miaka ile ya ugonjwa uliotumalizia ndugu, kumwambia mtu mzima kuwa amekonda kumekuwa kama kumtuhumu, hata leo ambapo dawa zipo na watu wanaishi. Basi tunanong'ona akiisha kupita. Pale gerejini tulinong'ona wote, na mimi nilinong'ona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha. Alitembea nayo mchana kweupe, sisi ndio tuliomfichia, kwa adabu yetu.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole mjane wake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, ndiyo kazi yangu. Hakuyasubiri. Aliniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, na laiti ingekuwa na hasira ningeweza kuibeba. "Shemeji, mimi nilimsihi sana aende akapime. Akaniambia, 'Yule rafiki yangu wa gazetini ana jicho haliachi kitu, na ananiona kila Jumamosi. Ningekuwa naumwa, angeshaniambia.'"  Nililia palepale, mbele ya wanawake waliokuja kwa matanga, na yeye ndiye aliyeninyamazisha.

Msomaji, ukimaliza kusoma hapa, mfikirie mtu wako mmoja ambaye nguo zimemzidi, au anachoka upesi, au anakunywa maji kuliko zamani. Usimtanie, na usiende kumsema kwa jirani. Mwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana: umekonda, nina wasiwasi, twende hospitali leo. Kisha nenda naye, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Huenda akakukasirikia. Mwache akasirike, hata mwaka mzima. Mimi leo ningetoa chochote nilicho nacho, Jumamosi moja tu, nipite Kihonda nimkute amenikasirikia.