Kona Isiyokuwa Yangu

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya barabara lilikuwa hili: nilimwomba ruhusa mwenye ardhi, nikamsahau mwenye miti.

Sina udhuru. Kisiwani kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa papo hapo, na nilijua. Lakini daftari nililolipigia mistari kwa mkono wangu lilikuwa na safu moja tu ya mwenye shamba, na safu ile ilikuwa imenyooka vizuri hata sikutaka kuiharibu kwa kuigawa. Nikaandika jina la mzee mmoja wa Kiarabu, ambaye alinipa kahawa na kuniambia, "Ardhi yangu, pitisheni njia yenu." Nikatoka kwake nikaenda kupaka duara la chokaa kwenye mikarafuu mitatu iliyotakiwa kukatwa.

Njia yenyewe ni ile ya kutoka Chake kwenda Wete. Mtu akiipita leo ndani ya gari anaiona kitu kimoja, lakini haikufanywa mara moja wala na mtu mmoja. Wazee walitusimulia kwamba kwanza ilikuwa njia ya miguu na punda, ikifuata migongo ya vilima kwa sababu mabondeni kuna mpunga na matope. Ndiyo maana ilipinda sana. Aliyeipita mwanzo alikuwa na mzigo kichwani. Hakuwa na haja ya kunyoosha kitu, alitaka asizame tu. Baadaye ikapanuliwa kwa ajili ya magari ya ng'ombe. Kisha zikaja motokaa, na serikali ikataka vilima vichongwe, maji yapitishiwe chini ya njia, mawe yavunjwe na kushindiliwa, na kona zisizo na sababu ziondolewe. Maneno hayo, "kona zisizo na sababu", aliyasema bwana msimamizi wetu siku ya kwanza, na mimi niliyahifadhi.

Tuliopewa kipande cha katikati, kukipima na kukiwekea vigingi mbele ya wafanyakazi, tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu. Tuliambiwa wazi kwamba kazi ikisha mmoja wetu atabaki kuwa mwangalizi wa kipande kile, kukitunza masika na kiangazi. Mmoja tu. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na tangu siku ile sikumtazama mwenzangu kwa jicho jema.

Lazima niseme nilivyokuwa, ili nisijipambe. Sikusoma skuli. Kurani nilihitimu chuoni; herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwenye ubavu wa masanduku ya dukani; na hesabu niliipata katika kitabu kikuukuu ambacho kurasa zake za mwisho, zile za majibu, zilikuwa zimechanwa. Kwa hiyo sikuweza kujua kama nimepatia. Nilifanya kila hesabu mara tatu, na zikitoka sawa mara tatu ndipo nilipopata utulivu kidogo. Tabia hiyo niliichukua mpaka barabarani. Nilipima, nikarudi nikapima, nikarudi tena. Wafanyakazi waliniita Bwana Inchi. Nikitokea na mnyororo wa kupimia, mmoja wao alikuwa akisema, "Vuteni matumbo ndani, jamaa, asije akayapima."

Mwenzangu alikuwa mtu wa upande wa Gando, amenizidi miaka miwili. Alisoma kwa shida na kuandika kwa shida zaidi. Alipima kwa hatua zake mwenyewe, kisha akaweka mnyororo ili kuthibitisha tu, na mara nyingi, jambo lililoniudhi sana, alikuwa amepatia. Wafanyakazi walimngoja waanze naye. Akipita mbele ya nyumba aliitwa ndani, akatoka na muhogo wa kuchoma mkononi. Mimi nilipita mbele ya nyumba zile zile na kuamkiwa vizuri, kwa heshima zote, na hakuna aliyeniambia nikae.

Nilimwonea wivu kwa mambo makubwa na kwa mambo ya kijinga. Niliona wivu kwa namna alivyokohoa kabla ya kupiga hodi. Niliona wivu kwa sababu alijua mtoto wa nani ana surua na ng'ombe wa nani amezaa. Jioni moja nikiwa peke yangu nilijaribu kukohoa kama yeye, nikaona haya.

Sasa nirudi kwenye ile mikarafuu mitatu. Asubuhi ya pili baada ya kuipaka chokaa tulimkuta bibi mmoja mtu mzima ametandika mkeka chini ya mti wa katikati, amekaa, kanga zake mbili zimetulia, kama mtu aliyekuja kukaa mpaka adhuhuri.

"Sabalkheri, Bi Mkubwa," nikasema.

"Sabalkheri. Nani aliyeipaka miti yangu poda kama biharusi?"

Wafanyakazi wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Nikamwambia ni mimi, na kwamba mwenye shamba ameridhia. Nikamfungulia daftari.

"Hapa, Bi Mkubwa. Ameridhia."

"Ardhi ni yake, sijamnyang'anya," akasema. "Miti hii ni mahari yangu. Mume wangu aliniandikia mitatu, na mitatu ndiyo hii. Hilo daftari lako ndilo lililoniozesha?"

Nikaanza kumweleza habari ya mstari, kwamba njia iliyonyooka ni salama zaidi kwa magari. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia akasema, "Babako alikuwa na haya."

Mwenzangu akafika. Akavua viatu vyake ukingoni mwa mkeka, akakaa. Hakusema neno juu ya barabara. Aliuliza ule mti wa mwisho unazaa vipi, bibi akamwambia una uvivu, unazaa mwaka mmoja na kupumzika miwili. Akauliza nani huuchuma. Wakazungumza hivyo hata nikachoka kusimama. Mwishowe bibi ndiye aliyetaja njia mwenyewe.

"Sasa hiyo njia yenu haiwezi kunizunguka?"

"Yaweza, Bi Mkubwa, ikijibana."

"Basi ijibane. Mie nimeshajibana miaka mingi."

Mwenzangu akainuka, akang'oa vigingi vyangu sita nilivyovipanga kwa siku nzima, akatembea akizunguka miti ile kwa upole, akivichomeka nyuma yake kimoja kimoja. Wafanyakazi walimfuata wakicheka. Kona ilikuwa nzuri. Nilijua ni nzuri hata kabla haijamwagwa kifusi. Bwana msimamizi alipokuja kuitazama aliambiwa kisa cha mahari, akatikisa kichwa, akaiacha. Haukupita mwezi watu wakawa wanaiita kona ile kwa jina la mwenzangu. "Nishushe kwa fulani," abiria walimwambia dereva. Kipande chote nilikipima mimi mara tatu tatu, na jina alilipata yeye kwa hatua zake.

Hapo ndipo wivu uliponizidi nguvu. Chakula sikukiona ladha. Kila niliposikia jina lile nilihisi nimeibiwa kitu ambacho sikupata kuwa nacho.

Siku moja baada ya alasiri, watu wameshatawanyika, nilikwenda peke yangu kwenye kona ile na mnyororo. Nilikuwa natafuta kosa. Ninaliandika hivyo hivyo: sikwenda kukagua, nilikwenda kutafuta kosa, na nilikuwa nikiomba lipatikane. Nikalipata. Pale kona inapokaza, upana wa njia ulipungua futi mbili. Nikapima tena. Futi mbili. Nikapima mara ya tatu, na nilipoona ni futi mbili zile zile nilifurahi hata nikakaa chini.

Nilijua pia kwa nini zimepungua. Upande wa nje wa kona kuna mteremko unaoingia bonde la mpunga; huwezi kuongeza hata shubiri, udongo utaporomoka. Upande wa ndani ni mkarafuu wa kwanza wa bibi. Kuzipata futi mbili zile ilibidi mti ukatwe. Sitaki mtu adhani sikulifikiria hilo. Nililifikiria, kisha nikaenda nyumbani, nikachonga kalamu, nikamwandikia bwana msimamizi kwa hati yangu nzuri kuliko zote, bila neno moja baya juu ya mwenzangu. Futi tu.

Bwana msimamizi alikuja akapima mwenyewe. Akasema nimesema kweli, na kwamba lori mbili zikikutana pale moja itatumbukia. Akaamuru mti mmoja ukatwe. Mwenzangu akahamishiwa barabara ya Mkoani, kwenye kuvunja mawe, na mimi nikapewa kipande.

Nilidhani atakuja kugombana nami, na nilikuwa nimeshajiandaa na majibu. Alikuja na furushi lake la nguo begani.

"Ulipima mara ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

"Na zote futi mbili?"

"Zote."

"Haya. Basi ni kweli," akasema, akaenda zake.

Mti ulikatwa wakati wa msimu, karafuu zikiwa tayari kuchumwa. Kwa kuwa mimi ndiye mwangalizi ilibidi nisimame pale. Ulipoanguka, bibi alikuja na pakacha, akakaa chini kati ya matawi, akaanza kuchuma. Sikupata kumwona mtu akichuma karafuu amekaa kitako. Alichuma shada kwa shada, bila haraka, wanawake wawili wakimsaidia. Nikamwendea nikamwambia, "Pole, Bi Mkubwa."

"Sijachoka, mwanangu," akasema. "Leo mti hautaki ngazi."

Hakunitazama tena.

Kipande changu kilikuwa safi kuliko vyote. Mitaro ilinyooka. Bwana msimamizi alileta watu kuja kukitazama. Na bado niliona wivu, na safari hii kwa mtu aliyekuwa mbali akivunja mawe, kwa sababu habari zilikuja kwamba huko barabara ya Mkoani watu wamempenda, na kwamba akivunja mawe wengine huja kukaa karibu yake wazungumze. Nilikuwa nimechukua nafasi yake, lakini alichokuwa nacho sikukipata.

Kisha masika yakaingia kwa nguvu. Usiku mmoja mvua ilinyesha mpaka asubuhi, na kulipopambazuka niliona maji yameung'oa mfereji uliopita chini ya barabara, karibu na kona. Shimo lilikuwa linakula njia mbele ya macho yangu. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wachache na wako mbali. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba watu na majembe.

"Hodi."

"Karibu. Habari za mvua?"

"Njia inakwenda. Naomba mnisaidie."

"Inshallah. Tutakuja."

Kila nyumba inshallah. Nilirudi kwenye shimo nikafukia peke yangu, na mvua ikafukua. Mpaka adhuhuri hakuna aliyekuja. Sikuwalaumu. Walikuwa wametazama mti ukianguka, wakajua ni nani aliyeuandikia barua.

Nikamtuma dereva wa lori iliyokwama upande wa Chake arudi, amfikishie mwenzangu salamu zangu kwamba nimeshindwa. Nililitamka neno hilo hilo, nimeshindwa, na dereva akaniuliza mara mbili kama kweli ndivyo nitakavyo kusema.

Alifika kesho yake asubuhi, matope mpaka magotini. Hakunipa mkono, hakuninyima. Akatazama shimo, akaenda kwa bibi kwanza, akakaa huko kitambo. Walipotoka, bibi alikuwa mbele. Akasimama kwenye kizingiti cha jirani yake, akaita. Kufikia adhuhuri watu thelathini walikuwa shimoni, wengine na majembe, wengine na vikapu vya mawe, wanawake wakipokezana udongo. Mimi nilibeba mawe kama wao. Na nitasema na hili pia: wakati ananiokoa, nilikuwa namwonea wivu. Nilitazama watu walivyomsogelea nikatamani, kwa muda mfupi, shimo limshinde.

Jioni tulikaa sisi wawili juu ya mawe yaliyobaki. Nikamwambia kwamba futi zile mbili zilikuwa za kweli, lakini sikuziandika kwa ajili ya lori. Niliziandika kwa sababu nilikuwa namwonea wivu.

"Najua," akasema. "Hata watoto wanajua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Upana ulikuwa umepungua." Akasafisha matope kwenye kidole cha mguu. "Ila ungeniambia mimi kwanza. Ningekwenda kwa bibi tukakata matawi, tukaweka bendera lori zingojane. Au angetoa mti mwenyewe. Bibi yule hutoa akiombwa. Hakuombwa."

Nilimwandikia tena bwana msimamizi, mara hii barua fupi, nikamweleza nani aliyeleta watu na nani aliyeshindwa kuwaleta, na kwamba barua yangu ya kwanza niliiandika kwa nia mbaya. Hakujibu lile la nia. Alichojali ni njia kupitika, akasema tukae wote wawili.

Sasa ni vita vya Wazungu, petroli ni haba, na motokaa zinazopita kwetu ni chache. Kipande tunakitunza wawili. Yeye hupiga hodi, mimi hupima, na nikiona kosa katika kazi yake humwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Wivu bado ninao. Tofauti ni kwamba sasa nikiuhisi namwambia, naye huniambia nibebe mnyororo twende.