Rupia Inayovuta Sindano

Kazi yangu ni kutunga mikufu ya senti za mkoloni, zile zenye tundu katikati, na kuiuza kwa wageni hapa Iringa mjini. Senti iliyovaliwa kiunoni miaka mingi, tundu lake limelika upande mmoja, pale uzi ulipokaa. Ya kughushi iliyotengenezwa juzi, tundu lake ni duara kamili, na kingo zake zinakata uzi.

Rupia za Mjerumani sizitungi kwa sababu hazina tundu. Nilikuwa nayo moja tu, ya bibi. Bibi alipofariki, baba mdogo aliichomeka kwenye mchele, haikuvuta hata punje, akanitupia. "Chukua wewe, hii feki." Wengi huku wanaamini kwamba rupia halisi huvuta mchele na sindano, na kwamba wako matajiri wanaoitafuta.

Mwaka jana baba mdogo alikuja kutoka Nyololo. Alikuwa hajawahi kufika kazini kwangu. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka, akachuchumaa kwenye mkeka wangu na kufungua kipande cha pamba.

"Nipe sindano."

Sindano iliruka yenyewe ikang'ang'ania rupia yake. Fundi redio wa meza ya jirani akaacha kazi. Mama muuza ndizi akasema, "Yesu wangu!"

"Umeona, binti? Hii ndiyo yenyewe. Mwenye mali katoka nazo Chunya, hii kanipa ya kuonja. Kesho tunaandikishana kwa mwenyekiti. Ananiongezea sita, mimi namwachia misonobari. Wewe unajuana na Wazungu, nitafutie mnunuzi."

Misonobari ile niliipanda naye nikiwa darasa la pili. Mimi nilibeba miche, yeye alichimba mashimo. Sasa ilikuwa imekaribia kuvunwa.

Niliigeuza ile rupia. Uso wa kaizari ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ukingoni ulipita mstari mwembamba, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Niliidondosha kwenye jiwe, ikalia kama kizibo cha soda. Yote hayo niliyaona, lakini kumwambia baba mdogo amekosea mbele za watu sikuweza. Hata nyumbani nisingeweza.

Nikamwomba fundi sumaku ya spika iliyokufa. Niliweka sindano nyingine karibu yake, ikaruka vilevile. Nilitaka aone mwenyewe, basi.

Fundi ndiye aliyeharibu. "Kumbe mzee, mimi ninazo rupia tano humu kwenye boksi! Nipe na mimi shamba!"

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka.

"Baba," nikasema, "rupia halisi ni ya madini ya fedha, na fedha haivuti kitu. Ya bibi haikuvuta kwa sababu ni fedha kweli."

"Wewe wa darasa la saba ndiyo unifundishe mimi?"

Akainuka akaenda zake stendi. Rupia yake ilibaki mkekani, sindano imeing'ang'ania. Nilimpigia siku ile na kesho yake, simu haikupokelewa. Siku ya tatu akapiga mama mdogo. Alisema yule mtu wa Chunya alimsubiri baba mdogo kwa mwenyekiti hadi adhuhuri. Baba mdogo alikuwa kitandani, anasema tumbo linamuuma.

Pasaka nilikwenda Nyololo. Misonobari ilikuwa imesimama yote. Tulikula, tukazungumza habari za mvua. Nilipokuwa naosha vyombo akaja akasimama nyuma yangu.

"Ile ya mama unayo?"

Nilikuwa nayo, kwenye kitambaa alichoifungia bibi. Aliidondosha kwenye ngazi ya saruji. Ililia, ikaendelea kulia kidogo hata ilipokwisha kutulia. Akaiokota, akaidondosha tena, ameinamisha sikio. Kisha akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

Nilitaka kusema kwamba alinipa. Nikaendelea kuosha vyombo.

Ile yake ninayo mimi. Sindano zikimwagika mkekani, naipitisha juu yake, nazipata zote.