Kingo Alizozikata Mzee Zedekiya

Wueh! Watu husema haraka haraka haina baraka, lakini Mzee Zedekiya hakuwa na haraka hata chembe. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, kazi aliyofundishwa na wamisionari Tabora, na katika karakana ya arbab wetu, yaani bosi, hapa Deira, Dubai, ndiye peke yake aliyebaki. Mimi Wangari ni mlinzi wa mlango wa jengo hilo. Kiwanda chao cha Tabora siku hizi ni ukumbi wa harusi, kwa hiyo akifukuzwa Dubai, hana tena mahali pa kushika kitabu. Alinililia hivyo kila siku hadi nikachoka.

Basi mteja mmoja, Madam Najla, akaleta kitabu kikuukuu, historia ya kampuni ya zamani ya kuchapisha vitabu kule Amerika. "Kifanye kizuri, kama ambavyo wangefanya wao wenyewe," akasema, akaenda zake.

Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kingoni, tangu zilipokunjwa kiwandani. Tabora, kitabu cha namna hiyo kilikuwa aibu ya fundi. Mzee akalibandua jalada lililochakaa, akakishona upya, akakitia kwenye mashine, akazikata kingo zote, zikanyooka. Mchana akaniita nimsomee, maana Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nikasoma: baba na wanawe wawili walianza na kalenda na nyimbo za kanisa, duka likaungua, wakaanza tena na mashine ya kuazima. "Hao ndio wanaume!" Mzee akapiga makofi. Aki sijawahi kumwona na furaha hiyo.

Madam akarudi. Akapapasa kingo, akapiga kelele mpaka arbab akatoka. Kumbe thamani yote ilikuwa hapo: kitabu kilikuwa hakijawahi kukatwa.

"Lakini madam, kilikuwa hakisomeki!" nikaropoka. Nani alinituma?

"Nani amekwambia nataka kukisoma?"

Arbab, ambaye wazee wake walitoka Unguja na Kiswahili anakijua, hakupandisha hata sauti. "Khalas. Mkatieni tiketi, arudi kwao."

"Sir, niacheni nikivike jalada kwanza," Mzee akasihi. "Kisiende uchi." Madam alikuwa ameshakibeba, mgongo wazi.

Mzee akaja kuketi kando yangu mlangoni, gundi bado vidoleni.

"Binti, hiyo kazi yenu ya kusimama hapa, mzee kama mimi wanamchukua?"

Nilijua hawamchukui. Nikamwambia nitauliza.